Gia Nane za Melkiori

Ninyi mnaoshika spana siku hizi mna kitu kimoja ninachowaonea wivu waziwazi, nacho ni lami. Mimi nimefanya kazi kati ya Kibondo na Kasulu karibu miaka arobaini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa chali chini ya malori na yale magari marefu meupe ya mashirika ya wakimbizi, vumbi jekundu likinidondokea machoni. Gari dogo la kifahari tulikuwa tunaliona kwenye kalenda tu. Kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka uliokwisha, lakini hakuna aliyethubutu kuibandua, maana ilikuwa na gari jeusi limesimama kando ya ziwa la nchi za watu. Tukimaliza kula mihogo yetu ya mchana tulilitazama mpaka usingizi unatupitia. Lami ilipofika, magari ya kwenye kalenda yakaanza kushuka ukutani moja moja.

Nimeombwa niwaandikie namna ya kutunza giaboksi za oto, hizi zinazojibadilisha zenyewe, kwa sababu watu wanasema Mzee Laurenti anazijua. Ni kweli nazijua. Ila nilizijua vizuri kwa kosa moja nililolifanya nikiwa tayari mzee, mwenye jina, mwenye kitambi na mwenye mdomo. Nitawaeleza lilivyotokea, na ninyi mtachota humo mtakachoona kinawafaa.

Kwanza aliyenifundisha. Alikuwa Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, tukimwita Papaa Anselimu, mtu mfupi, msafi kupita kiasi, anayeingia chini ya lori na shati jeupe na kutoka nalo likiwa jeupe. Mpaka leo sijui aliwezaje. Giaboksi yeye aliiita bwati. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye chuma na mpini sikioni, anafumba macho na kukaa hivyo mpaka unadhani amelala. Kisha anakwambia beringi ipi imeanza kuliwa.

Siku moja nilifunga giaboksi ya lori peke yangu, na nilipomaliza nikabaki na pete moja ya chuma mkononi. Badala ya kufungua upya nikaitia mfukoni, nikapiga mluzi. Lile lori lilikwenda vizuri mpaka karibu na Kakonko, halafu likakataa gia zote isipokuwa ya kurudi nyuma. Dereva wake alikuwa na kiburi. Badala ya kuomba kuvutwa akaanza kurudi Kibondo kinyumenyume, shingo ameigeuza, watoto wa shule wakimsindikiza kwa makofi na nyimbo. Alipofika gereji shingo haikurudi mbele kwa siku mbili. Papaa Anselimu hakunigombeza. Alinyoosha kiganja tu, nami nikaitoa pete mfukoni nikamwekea.

"Bwati haidanganyake, Laurent," akaniambia. "Weye ndiye unajidanganya. Gusa, nusa, kiisha ndio useme."

Maneno hayo nimewakaririsha mafundi wengi wa wilaya hii. Siku yaliponihusu mimi mwenyewe, niliyaruka.

Sasa niwaambie habari za Melkiori. Huyu ni mfanyabiashara wa maharage na mawese hapa Kibondo, na tunaimba besi pamoja kwenye kwaya, yeye vizuri na mimi kwa sauti kubwa. Wazazi wake walitoka Burundi zamani kwa miguu, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, na leo wote ni raia. Baba alishafariki. Mama yake, Bibi Verediana, yupo, ila macho yamefifia sana kwa mtoto wa jicho, na nyonga yake ya kushoto iliumia alipoteleza akitoka kisimani. Kila mwezi alitakiwa kwenda Kabanga, karibu na Kasulu, kwenye hospitali ya misheni, akafanyishwe mazoezi ya ile nyonga. Waliambiwa wazi kwamba akiyaacha mguu utakakamaa, na hatasimama tena.

Hiyo ndiyo sababu ya gari. Watu walidhani Melkiori amelinunua kwa majivuno, na kusema kweli majivuno kidogo yalikuwemo, lakini sababu ilikuwa nyonga ya mama. Lilikuwa gari jeusi refu la Kijapani, lililokwishatumika Dar es Salaam, lenye viti vya ngozi na giaboksi ya gia tano. Alinieleza siku alipolileta, tukiwa tumelizunguka kama watu wanaoangalia ng'ombe wa mahari.

"Fundi, huyu mama alinibeba siku nyingi mlima na bonde, na mwenyewe anasema nililala njia nzima. Nami nataka nimbebe hivyohivyo."

Tatizo likawa moja. Kwenye tambarare lile gari liliteleza vizuri sana, ukakaa nyuma ukasahau una mwili. Kwenye mlima, gia zilipokuwa zinashuka kutoka ya nne kwenda ya tatu, kutoka ya tatu kwenda ya pili, lilisita kidogo halafu likarusha teke. Mimi na wewe tungecheka. Bibi Verediana alikuwa anauma ncha ya kitenge chake asipige kelele mbele ya mwanawe.

Basi tukaanza kuota, mimi na Melkiori. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakaa kwenye benchi mbele ya gereji yangu, simu yake imeegemezwa kwenye kopo la grisi, tunaangalia video za magari mapya ya ukoo uleule wa gari lake. Kila mwaka yalikuwa yanaongezwa kitu. Gia tano zikawa sita, zikawa nane. Kulikuwa na fununu kwamba yajayo yatakuwa na kumi, na injini mbili ndani ya moja, ya petroli na ya umeme, zinazopokezana bila dereva kujua.

"Ona huyu," Melkiori alikuwa ananiambia. "Ameweka glasi ya maji juu ya dashibodi, anapanda mlima, maji hayatikisiki."

"Ni gia nane hizo. Zikiwa nyingi, hatua zinakuwa fupi."

"Na za kumi?"

"Za kumi hata maji hayatajua kama yamesafiri."

Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nafumba macho. Naona lile gari jeusi linapanda kutoka daraja la Malagarasi asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, gia zinashuka moja baada ya nyingine, nane, saba, sita, bila sauti, na miombo inapita dirishani polepole, na Bibi kiti cha nyuma amelala mdomo wazi. Nimefanya kazi na vyuma maisha yangu yote lakini sikuwahi kupenda chuma kama nilivyopenda ile giaboksi ya gia nane ambayo sikuwahi kuishika. Tuliandika orodha nyuma ya daftari la kwaya: giaboksi ya gia nane kutoka gari jipya lililopata ajali, rejeta kubwa zaidi ya kupozea oili yake, na mtaalamu wa kompyuta wa kuiongezea injini nguvu. Mwalimu wa kwaya aliikuta ile orodha akiwa anatafuta wimbo wa Kwaresima, akatuuliza ni zaburi ya ngapi.

Haya, sasa mawese. Ninyi mlio wa huku hamhitaji kuambiwa. Mawese yanapanda kutoka kule ziwani kwenye madumu, na hakuna gari katika mkoa huu ambalo halijawahi kuyabeba. Mabasi yana doa jekundu, magari ya serikali yana doa jekundu, hata pikipiki ya katekista ina doa jekundu. Melkiori naye, pamoja na ngozi na mapambo yote ya gari lake, alikuwa akishusha maharage Kigoma na kupandisha madumu ya mawese kwenye buti. Tulimtania mpaka tukachoka. Gari la wakubwa linanuka jikoni.

Kwa hiyo siku moja nilipoona matone mekundu chini ya gari lake, upande wa nyuma, sikuinama. Nilisimama pale na kikombe changu cha chai nikasema, "Melkiori, kaza vifuniko vya madumu, unatuharibia sakafu." Yeye akacheka, mimi nikacheka. Wiki iliyofuata yalikuwepo tena, na tukacheka tena, na wiki nyingine tena. Melkiori alibadilisha madumu mara mbili, akatandika magunia kwenye buti, akamshutumu bure muuza mawese wa watu.

Wengine wenu mmeshaelewa na mnatikisa vichwa. Oili ya giaboksi ya oto ni nyekundu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini magari madogo niliyoyazoea yana giaboksi mbele, pembeni ya injini, kwa hiyo yakivuja yanavuja mbele. Hili la Melkiori lilikuwa linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Giaboksi yake ni ndefu, inakuja mpaka katikati ya gari, na kwenye mkia wake, pale inapoingia propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kuna sili ya mpira. Ile sili ikichoka, upepo wa safari unaipuliza oili nyuma, mpaka inaganda na vumbi chini ya buti. Tena magari haya ya kifahari hayana kile kijiti cha kuchomoa na kupimia oili ya gia. Waliotengeneza waliona dereva wake ni mtu mkubwa, hapaswi kuchafua vidole. Kupima ni mpaka gari liinuliwe likae sawa, injini iwake mpaka ipate moto, ndipo ufungue nati ya pembeni uone kama oili inachuruzika. Ni kazi ya saa nzima, na mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi.

Na teke likawa linaongezeka. Melkiori akaniuliza kama kuna ubaya wowote. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba gia tano kwa milima hii ni chache, avumilie mpaka tupate zile nane. Mniangalie vizuri hapo. Tulikuwa tunaota gia nane huku tano tulizo nazo zinakufa kwa kiu mbele ya macho yetu.

Safari ya kwenda Kabanga mwezi ule nilikuwemo, kwa sababu nilikuwa na vipuri vyangu vya kuchukua Kasulu. Tuliondoka asubuhi. Melkiori anaendesha, mimi nimekaa mbele, Bibi nyuma na mito miwili. Baada ya kuvuka Malagarasi, barabara ilipoanza kupanda, gari likarusha teke ambalo hata mimi nilijigonga dirishani. Bibi akalia. Halikuwa teke moja. Likasita, injini ikapiga kelele bure, likarusha lingine, halafu likasimama kabisa. Injini inawaka, gari haliendi, linataka kurudi nyuma. Nikaruka nikaweka jiwe kwenye gurudumu.

Mabasi yalipita, na gari moja la abiria likasimama kutaka kutusaidia. Bibi Verediana alikataa. Alikuwa ameshika nyonga kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka.

"Oya, sitaki," alisema. "Mimi kitu chenye gurudumu sipandi tena. Niacheni hapahapa."

Ikawa hivyo. Mpwa wake mmoja alikuwa na mji, nyumba na shamba lake, juu ya ule mlima, mwendo wa kama nusu saa kwa mtu mzima wa miguu. Melkiori alipiga simu. Na kitongoji kile, kama vitongoji vingi vya huku, kina ingobyi yake, machela ya kusuka ambayo hukaa nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi, na kila kaya hutoa bega lake likihitajika. Hawaulizi unatoka kanisa gani wala kabila gani. Baada ya muda wakashuka wanaume wanane, wengine wamekuja na majembe mkononi, wakamlaza Bibi taratibu, wanne wakaingia chini ya miti ya machela, wanne wakatembea kando.

Nilitembea nyuma yao nimebeba mito, kama shahidi wa harusi aliyechelewa. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekiona tangu utotoni bila kukiona. Wanaobeba ingobyi hawasimami kupokezana. Kiongozi anasema tu, "Hindura!" Yule mpya anainama, anaingiza bega lake chini ya mti huku wakitembea, anainua kidogo mpaka uzito umemkalia. Hapo ndipo wa zamani anapotoa lake. Kwa hatua mbili hivi mabega yote mawili yako chini ya mti, na mgonjwa hashuki hata unene wa kidole. Wakaenda, wakabadilisha, wakaenda. Niliposogea kumwangalia Bibi, niliyemdhani analia, alikuwa amelala usingizi.

Nilisimama katikati ya barabara. Mtu mmoja akanipita na mbuzi wake akaniuliza kama nimesahau kitu.

Vijana, giaboksi ya oto ndani yake ni hiyo hiyo ingobyi. Kuna mafungu ya klachi, na oili inayosukumwa na pampu ndiyo inayoyabana. Gia ikibadilika, fungu jipya linashika huku la zamani linaachia, na kwa kitambo kifupi yote mawili yamebeba. Oili ikipungua, hasa mlimani inapokimbilia nyuma na pampu ikanyonya hewa, la zamani linaachia kabla jipya halijashika. Mzigo unaanguka. Lile teke ni mzigo unaoanguka. Ungempa Melkiori gia nane au kumi bila oili, mama yake angepigwa mateke nane au kumi.

Niliteremka mlima mbio, kwa umri wangu, na mito kwapani. Gari lilikuwa limesimama pale pale kwenye jiwe lake. Nikafungua buti. Lilikuwa tupu, limefagiliwa, limefutwa na sabuni, kwa sababu Melkiori hakuwahi kubeba mawese siku anayombeba mama. Na nyuma ya gari, kwenye lami mpya nyeusi, kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, umetufuata kutoka darajani. Nikapiga magoti nikagusa. Mawese kwenye baridi ya huku juu huwa mazito, yanaganda, na yananuka chakula. Hii ilikuwa nyepesi kama maji, na ilinuka kitu kilichoungua. Niliinusa mara tatu nikitumaini pua yangu imekosea.

Nilipofika kwa mpwa wa Bibi, walikuwa wamekaa uani wanakunywa uji, Bibi kwenye mkeka ameegemezwa ukutani. Melkiori alikuwa ameinamisha kichwa.

"Fundi, nimeliua gari," alisema. "Nimelifanya punda wa mawese. Nimemuumiza mama kwa tamaa zangu."

Na wale wabebaji, watu wazuri, wakaanza kumtania taratibu ili kumtoa huzuni, kwamba ngozi na mawese vimegombana, kwamba gari la Dar limeshindwa kula ugali wa Kigoma. Akawa anakubali kila neno. Ningeweza kunyamaza, na asingejua mtu. Niliwaza hivyo kwa muda wa kikombe kizima cha uji, na kikombe cha pili nacho nikakinywa nikiwaza hivyo hivyo. Sijivunii. Jina la ufundi ni kitu kitamu, na mimi nilikuwa nalo la miaka mingi.

Kisha nikamwambia. Nilisema mawese hayakuhusika, kwamba ilikuwa oili ya giaboksi tangu siku ya kwanza, kwamba ilivuja mbele yangu wiki baada ya wiki na sikuinama hata mara moja kuigusa. Nilimwambia pia kwamba habari ya gia tano kuwa chache niliisema tu kwa sababu nilipenda kuisema.

Melkiori alinyanyuka, akatoka uani, akaenda kusimama kwenye shamba la migomba. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuniangalia.

"Kila mwezi uliniambia nivumilie," alisema. "Kila mwezi huyu alikuwa anauma kitenge."

Bibi Verediana akageuza uso kuelekea sauti ya mwanawe.

"Melkiori, mwana wanje. Huyu amesema mwenyewe. Wewe ulipovunja chungu changu ulisema ni mbuzi."

Wabebaji walicheka sana. Melkiori hakucheka siku ile, wala wiki ile.

Nilivuta gari mpaka gereji, nikashusha giaboksi, na klachi zake zilikuwa nyeusi kama mkaa, zinavunjika kwa kucha. Zile nane? Nikawa mkweli kwa mara ya kwanza. Giaboksi ya gari jipya ina kompyuta yake, haizungumzi lugha moja na injini ya zamani. Propela ingetakiwa kukatwa, vishikizio kuchomelewa upya, na mwisho ungekuwa na gari linalowaza kabla ya kila kilima. Wapo wanaoweza, mijini huko. Mimi sikuweza, na nilimwambia Melkiori hivyo usoni. Tulipata giaboksi ya gia tano, ileile, kutoka gari lililogongwa Mwanza. Ilichukua karibu miezi miwili kufika. Katika miezi hiyo Bibi, aliyebembelezwa mpaka akavunja kiapo chake cha gurudumu, alirudishwa nyumbani, akapelekwa Kabanga mara moja kwa pikipiki, amekaa upande, na aliporudi alilala siku nne. Mwezi wa pili hakwenda. Nilikuwa napita kwao asubuhi, nikimkuta kwenye kiti mlangoni, na ule mguu ulishaanza kukaa sawa na mti.

Nilibadilisha kila sili, hata zilizoonekana nzima. Nilisafisha njia za oili kwa pumzi yangu mwenyewe. Oili niliyotia nilitia ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana hizi si pombe za kienyeji za kuchanganya, na nilipima gari likiwa sawa, likiwa na moto, nikichungulia mpaka ilipochuruzika kwa wembamba unaotakiwa. Halafu kuna jambo ambalo wengi wenu mnaliruka: giaboksi mpya lazima ifundishwe. Kompyuta inakumbuka tabia za ile iliyokufa. Futa kumbukumbu hiyo, kisha endesha kwa upole, siku mbili tatu, bila haraka, ijifunze ni wakati gani wa kushika na wakati gani wa kuachia.

Niliifundisha mwenyewe, kati ya Kibondo na Kakonko, asubuhi tatu mfululizo. Sijui niwaeleze vipi. Siku ya kwanza ilikuwa inasitasita. Siku ya pili ikaanza kuelewa. Siku ya tatu kulikuwa na ukungu, sioni mbali, vilima vinakuja kimoja kimoja na kuondoka, moshi wa majiko umetanda juu ya mashamba ya mihogo, na wakati fulani nikagundua nimepanda na kushuka mara nyingi na sikumbuki gia ilipobadilika. Nilizima redio nisikilize. Hakukuwa na cha kusikiliza. Niliendesha vile mpaka Kakonko na kurudi, na kama petroli isingepungua labda ningekuwa bado naendesha.

Basi nikaenda kwa Bibi. Alikataa. Alisema teke lile amelijua, hana haja ya kulijua tena. Melkiori alisimama mlangoni hakunisaidia kwa neno. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia kosa lilikuwa langu na nimelirekebisha kwa mikono hii, na kwamba namwomba mara moja tu. Alinishika kichwa kwa kiganja, akanipapasa mpaka masikio, kana kwamba anapima kama kuna kitu ndani.

"Utakaa nyuma na mimi," alisema mwishowe. "Mkono wako nitaushika. Likinipiga, nakufinya, na nitakufinya kweli."

Tuliondoka. Melkiori mbele peke yake, mgongo umekakamaa, mimi na Bibi nyuma, vidole vyake vimeushika mkono wangu tayari kwa kazi. Vilima vidogo vilipita. Kabla ya ule mlima mkubwa Melkiori alisimamisha gari karibu na daraja la Malagarasi, Bibi anywe maji na ajiandae. Alikunywa, akajifunga kitenge vizuri, ncha yake akaitia mdomoni. Melkiori akatutazama kwenye kioo, mara ya kwanza kunitazama moja kwa moja tangu siku ile, kisha akaachia breki.

Sikuhesabu gia. Niliangalia ile miombo tu, inapita, na vidole vya Bibi vikiwa juu ya mkono wangu. Tulifika pale gari lilipofia, tukapapita. Tukapita mji wa mpwa wake. Barabara ikalala tambarare, mlima ukaisha. Bibi akatoa kitenge mdomoni.

"Melkiori," aliita, kwa hasira kidogo. "Mbona huondoki?"

Melkiori alikohoa kwanza.

"Mlima tumeumaliza, Mama."

Vidole vya Bibi vikalegea mkononi mwangu kimoja kimoja. Akaegemea kiti, akafumba macho.

"Basi mwambie fundi wako aache kulia," alisema. "Atalowesha ngozi."